Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya na wa fedha: kati ya siku ya pesa na siku ya shida

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Nakala kwa Gavana wa Benki Kuu na kwa wote wanaosimamia mapambano dhidi ya UKIMWI

YAH: TUZO KWA WANAOWEKA AKIBA, KAMA NJIA YA KUPUNGUZA MAAMBUKIZI YA VVU

Waheshimiwa,

Barua ni moja na mnaopelekewa ni wawili. Nimefanya hivyo kusudi. Nikimwandikia wa afya peke yake atanijibu kwamba akiba ni habari ya hazina. Nikimwandikia wa fedha atanijibu kwamba VVU ni habari ya zahanati. Jambo lenyewe limekaa hapo katikati, ndiyo maana mpaka leo halina mwenyewe.

Mimi ni mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa. Tuko watu ishirini na tano, wengi wanawake. Tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na watu watatu wasio wa nyumba moja. Kila wiki tunakaa, tunanunua hisa, kila hisa inagongwa muhuri kwenye kijitabu cha mwenyewe, kisha sanduku linafungwa na halifunguliwi tena hadi kikao kijacho. Sheria hiyo imetulinda na wezi, na pia na ndugu wenye maneno matamu. Na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Usiku mmoja mwanachama wetu alikuja kunigongea. Mtoto wake alikuwa na homa kali na ameanza kustuka usingizini. Mama huyu alikuwa na hisa za kulipia matibabu hayo mara nne, mihuri yake naijua, mimi ndiye niliyeigonga. Nikamjibu ninavyowajibu wote: nina ufunguo mmoja tu, mwenye wa pili amesafiri, kikao ni keshokutwa. Alisimama kidogo pale mlangoni, akasema, "Haya, nitajua la kufanya," akaondoka.

Mtoto alipona. Miezi kadhaa baadaye, tukiwa wawili tunapanga noti, aliniambia alivyozipata pesa za usiku ule, na kwamba aliyempa hakutaka kondomu, na kwa kuwa hakutaka aliongeza. Hakusema kwa kulalamika. Alisema huku anaendelea kuhesabu.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya jambo hili, nikakuta kisa chake kimeshaandikwa kwa takwimu. Magharibi mwa Kenya watafiti Jonathan Robinson na Ethan Yeh walikusanya shajara za kila siku za wanawake 192 wanaofanya ngono kwa malipo, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Siku ambayo mtu wa nyumbani anaugua, mara nyingi mtoto, uwezekano wa mwanamke kufanya ngono bila kinga ulipanda kwa asilimia 19. Sidhani kama wanawake hao walikuwa wamesahau mafunzo ya kondomu usiku huo. Bila kinga kunalipa zaidi, na usiku huo ndio waliohitaji zaidi.

Kwa wanaume hadithi inageuka. Hatari yao haisubiri siku ya shida, inafika siku ya pesa. Mwisho wa mzunguko tunapovunja sanduku na kugawana, mimi hukaa mezani na kutazama. Mtu aliyenunua hisa mojamoja mwaka mzima anapokea bunda ambalo hajawahi kulishika kwa mkupuo. Wanawake huhesabu kimya, hufunga, huondoka. Wanaume wetu wachache huhesabu kwa sauti. Jioni ile ukiwapigia simu hawapatikani. Sisemi wote, lakini nimegawa mara nyingi vya kutosha kujua.

Hili nalo lina ushahidi wake. Malawi, Hans-Peter Kohler na Rebecca Thornton walifuatilia watu wa vijijini walioahidiwa fedha iwapo wangekaa kiasi cha mwaka mmoja bila hali yao ya VVU kubadilika. Ahadi yenyewe haikubadilisha chochote. Kilichobadilika ni siku chache baada ya malipo: uwezekano wa wanaume waliopokea kufanya ngono ya hatari ulikuwa juu kwa pointi 9 za asilimia, na wa wanawake ulishuka kwa pointi 6.7. Bahasha zilikuwa za aina moja. Ilipoangukia mkononi mwa mwanamke iliziba pengo, na ilipoangukia mkononi mwa mwanamume ilifungua mlango.

Ombi langu lote, waheshimiwa, limesimama juu ya hizo siku mbili. Msaidieni mtu kuitoa pesa siku ya pesa na kuipeleka siku ya shida, na mtakuwa mmezipunguzia makali zote mbili. Chombo cha kufanyia kazi hiyo kipo tangu zamani, kinaitwa akiba. Kinachokosekana ni sababu ya kuitunza leo, wakati mfuko umejaa na muziki unasikika.

Mtaniuliza: akiba si faida ya mwenyewe, tuzo ya nini tena? Kwa sababu faida ya akiba ndogo haionekani. Riba anayopata mtu wa kipato cha kubahatisha haitoshi kulipia ada ya kwenda kuitoa. Mwambie aweke kwa ajili ya riba atakucheka, na atakuwa na haki. Mwambie kwamba kila wiki ambayo salio lake halijashuka jina lake linaingia kwenye droo ya tuzo, na kwamba akikosa tuzo, pesa yake iko palepale, hapo atakusikiliza. Ni watu walewale wanaokata tiketi za kubeti kila siku. Tofauti ni kwamba huku tiketi haimezi mtaji.

Wazo hili si langu wala si jipya. Uingereza ilianza kuuza hati za akiba za Premium Bonds mwaka 1956: mwenye hati halipwi riba, riba ya wote inawekwa pamoja na kuchezeshwa droo, na alichoweka anaweza kukichukua wakati wowote. Marekani, katika jimbo la Michigan, vyama vya akiba na mikopo vilianzisha mpango kama huo mwaka 2009. Afrika Kusini, First National Bank ilifungua akaunti ya droo mwaka 2005 na watu wakaikimbilia, hadi mwaka 2008 mahakama ilipoamua kwamba ile ni bahati nasibu isiyoruhusiwa na sheria ya nchi, ikafungwa. Mheshimiwa wa Fedha, hapo ndipo pa kuanzia. Nchi nyingi zina sheria inayoruhusu mtu kupoteza mshahara wake wote kwenye mchezo wa kubahatisha, ila benki ikitaka kumpa nafasi ya kushinda bila kupoteza kitu inakuwa kosa. Marekani walilazimika kupitisha sheria mwaka 2014 ili benki zao ziruhusiwe. Kwetu kifungu kimoja kingetosha.

Na droo ina sifa moja ambayo mtu wa afya anapaswa kuipenda. Lesotho ulifanyika utafiti wa miaka miwili ambapo vijana waliokutwa hawana magonjwa mawili ya zinaa yanayotibika waliingizwa kwenye bahati nasibu kila baada ya miezi minne. Maambukizi mapya ya VVU kwa waliokuwa kwenye mpango wa droo yalikuwa chini kwa takriban asilimia 21, na walioguswa zaidi ni wale wapenda kubahatisha. Yaani wale ambao semina zetu zimewakosa miaka yote. Mtu wa tahadhari hahitaji droo, alishajilinda zamani.

Najua mtakachosema hapo: basi si tulipie vipimo kama Lesotho? Tanzania nayo ilijaribu, katika vijiji kumi vya Kilombero na Ulanga, kuanzia mwaka 2009. Vijana zaidi ya 2,300 walipimwa kila miezi minne, na waliokutwa salama na magonjwa ya zinaa yanayotibika walilipwa. Waliopewa shilingi 20,000 kila awamu walikuwa na magonjwa hayo pungufu kwa asilimia 27 baada ya mwaka mmoja. Waliopewa 10,000 hawakutofautiana na wasiopewa kitu. Matokeo mazuri, nayaheshimu, na waliopanga walikuwa waangalifu: walipima magonjwa yanayotibika ili mwenye VVU asifungiwe nje, na aliyekutwa na ugonjwa alitibiwa na kurudi.

Hata hivyo mimi nimeishi miaka mingi ndani ya kikundi, na najua kinachotokea majina yanaposomwa. Asiyeitwa anatazamwa. Tuzo ya kipimo inatangaza afya ya mtu kwa kunyamaza. Tena inahitaji maabara, sampuli na wahudumu kila miezi minne, na mradi ukifungwa hakuna kinachobaki mkononi mwa kijana isipokuwa kumbukumbu. Tuzo ya akiba haimtazami mtu damu. Mwenye VVU na asiye navyo wanakaa foleni moja, na mradi ukiisha salio linabaki kuwa lake.

Je, akiba yenyewe inafika hadi kitandani? Kelly Jones na Erick Gong walilitazama hili Kenya, utafiti wao ukachapishwa mwaka 2021. Wanawake walio katika mazingira magumu walihamasishwa kuweka akiba kwa simu, wakawekewa malengo yenye majina na ujumbe wa kuwakumbusha kila wiki. Walipopatwa na shida, kukimbilia ngono ya malipo kulipungua, na miongoni mwa wanaoishi kwa kazi hiyo dalili za magonjwa ya zinaa zilipungua pia. Uganda, Fred Ssewamala na wenzake wamefanya kazi miaka mingi na vijana chini ya mipango inayoitwa Suubi, neno la Kiganda lenye maana ya tumaini: kijana anaweka, mradi unamwongezea juu yake, na pesa inaelekezwa kwenye shule au mtaji. Katika mmoja wa mipango hiyo, vijana wanaoishi na VVU waliowekewa akaunti za namna hiyo walifubaza virusi vizuri kuliko wenzao wasiokuwa nazo. Sikushangaa. Dawa ni bure, nauli ya kuifuata si bure.

Sitawauzia hii kama dawa ya kila kitu. Afrika Kusini wasichana zaidi ya 2,500 walifuatiliwa katika utafiti uliowalipa wao na walezi wao kila mwezi kwa sharti la kuhudhuria shule, na maambukizi ya VVU hayakupungua. Pesa ikielekezwa mahali ambapo tatizo halipo, inapita tu. Wengi wa wasichana wale walikuwa wanahudhuria shule tayari. Ndiyo maana nasisitiza siku mbili zile, na watu ambao siku hizo zinawapiga: wenye pesa ya mkupuo, kama wavuvi, madereva wa masafa marefu na wachimbaji wadogo, na wanawake ambao ugonjwa mmoja wa mtoto unawamaliza. Kondomu, dawa kinga na dawa za kufubaza virusi zibaki mahali pake. Mwaka 2024 dunia ilipata maambukizi mapya takriban milioni 1.3, wakati lengo la mwaka 2025 lilikuwa yashuke chini ya 370,000, na wafadhili ndio hao wanaondoka. Asitokee mtu akachota fungu la dawa kulipia droo. Nikisikia hivyo nitaandika barua nyingine, na haitakuwa ya adabu kama hii.

Pesa ya tuzo ipo kwingine. Salio lote la wateja wa pesa za simu huwekwa benki kwenye akaunti za dhamana, na akaunti hizo huzaa faida. Tanzania, Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja faida hiyo mwaka 2014. Ni pesa ya watu walewale, na ikigawanywa sawasawa kila mmoja anapata chenji asiyoiona. Sehemu yake ikichezeshwa droo kwa waliotunza salio, kila mtu ataijua. Gavana anaweza kuliruhusu hili bila kusubiri bajeti.

Sasa kuhusu namna ya kulifanya, maana hapa ndipo mipango mizuri inapoharibikia.

Msiifunge pesa. Nalisema hili mapema kwa kuwa najua benki zitakavyopenda: weka mwaka mzima, usiguse, ukigusa unapoteza tuzo. Akiba haiozi, tunaambiwa, lakini ya kwetu usiku ule ilikuwa nzima ndani ya kufuli tatu na haikumfaa mwenyewe. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwagawia watu wa vikundi magharibi mwa Kenya visanduku vya chuma. Waliopewa kisanduku na ufunguo wake waliongeza sana matumizi ya kujikinga na maradhi, kwa zaidi ya asilimia 60 katika mwaka mmoja. Waliopewa kisanduku hichohicho, ila ufunguo ukabaki kwa afisa wa mradi hadi lengo litimie, hawakuongeza matumizi hayo. Mtu hawezi kuweka kwa moyo pale asipoweza kufika siku ya shida. Kibubu na ufunguo mkononi kilishinda ulinzi wa wataalamu. Kwa hiyo anayetoa kwa ajili ya matibabu asifutwe kwenye droo. Ndiyo kazi aliyoiwekea.

Droo ziwe ndogo na za mara kwa mara, na zichezeshwe siku watu wanayopokea pesa. Tuzo moja kubwa ya mwisho wa mwaka itampa mtu mmoja bunda lilelile ninaloliogopa. Mshindi naye alipwe ndani ya akaunti yake, si kwa bahasha jukwaani mbele ya kamera na mgeni rasmi. Najua wageni rasmi wanapenda bahasha.

Akaunti iwe ya mtu mwenyewe, kwa jina lake na namba yake ya siri, hasa kwa wasichana na wake za watu. Simu moja inayotumiwa na nyumba nzima inatangaza salio kwa kila anayeishika. Mwanachama wetu mmoja aliacha kuweka kwa simu baada ya mumewe kuusoma ujumbe wa pongezi uliotumwa saa mbili usiku, tena na alama za mshangao. Pongezi ile ilimgharimu akiba yake yote. Mtu achague mwenyewe kama anataka ujumbe, na uje saa ngapi.

Wala mtu yeyote asiulizwe hali yake ya VVU ili ajiunge, na benki isipewe orodha ya kliniki, na kliniki isipewe ya benki. Kituo cha afya kiwe mahali pa kufungulia akaunti kwa anayetaka, basi. Mkichanganya madaftari hayo mawili watu watayakimbia yote mawili.

Mwisho kabisa, pimeni. Anzeni na maeneo machache, yachagueni kwa kura, yaliyobaki yasubiri zamu, na baada ya miaka miwili tuambieni magonjwa ya zinaa yamepungua au hayajapungua. Ikishindikana semeni imeshindikana. Mtakuwa mmetumia faida ya akaunti za dhamana, na watu watabaki na akiba zao.

Sisi kwenye kikundi tumebadilisha jambo moja. Pembeni ya sanduku kubwa sasa kuna kopo dogo lenye kufuli moja. Kila kikao sehemu ya pesa inaingia humo, na mwanachama anaweza kugonga mlango usiku, akachukua hadi kiwango tulichokubaliana bila kuulizwa ni ya nini. Daftarini tunaandika namba yake na kiasi tu. Wanaume walipinga kwa vikao vitatu, wakisema kopo litaisha kwa wiki. Mpaka leo halijaisha. Ufunguo wake unazunguka, kila mwezi na mtu wake, na mwezi huu unao yule mama.

Nasubiri majibu yenu, kutoka wizara zote mbili.

Wenu katika kazi,
Mhazini wa kikundi